Mama aliugua ugonjwa wa kusahau, watu wakasema damu yetu imeharibika

Wakuu, poleni na kazi. Hii sikuambiwa na mtu. Imetupata nyumbani kwetu Mogogosiek na bado niko na hasira.

Mama amechuna majani chai maisha yake yote. Mwaka jana akaanza kupotea ndani ya shamba lake mwenyewe. Mimi akaniita jina la ndugu yake marehemu.

Hospitali wakasema ni Alzheimer's. Damu nayo haikuwa sawa, sampuli ikapelekwa Nairobi. Ikaonekana seli zingine zimebadilika.

Daktari alitueleza polepole. "Mtu akizeeka, seli za damu zikiendelea kujigawa, zingine hupata makosa. Watafiti wanaangalia kama hayo makosa yanagusa ubongo. Jibu kamili bado."

Nikauliza kama sisi watoto tutarithi.

"Haya ya damu hakuzaliwa nayo. Yamekuja na umri."

Sasa shangazi yangu alikuwa hapo na sisi. Katika yote hayo alishika neno moja, damu. Kufika Jumapili, kanisa lote lilijua damu yetu imeharibika.

Dada yangu Chebet alikuwa amechumbiwa na Kiprono wa Kipkelion. Wazee wao walikuwa waje koito, kuongea mahari. Hawakuja. Baba ya Kiprono akanipigia: "Kijana, hatuwezi kuoa ugonjwa."

Mama alikuwa amekaa hapo kando yangu, simu iko loud. Hiyo sitawahi kusamehe.

Nilirudi kwa daktari akaniandikia barua ya kueleza haya mambo. Nikaipeleka Kipkelion mwenyewe. Mzee akaisoma mara mbili.

"Kwa hivyo hata mimi naweza kuwa nayo?"

"Kwa umri wako mzee, inawezekana kabisa."

Akaikunja barua akaitia mfukoni. Wiki mbili baadaye wakatuma ujumbe, eti sasa wako tayari kuja.

Nilimpata Chebet akimlisha mama uji. Hakuacha kijiko. "Kiprono anajua njia ya kuja kwetu. Kama alikuwa anangoja barua ya daktari ndio anipende, mwambie mimi sitaki."

Shangazi mpaka leo hajaomba msamaha. Anasema alikuwa anatuombea tu.

Nilichojifunza: chagua nani unaingia naye kwa daktari, na uliza mpaka uelewe. Kubadilika kwa seli uzeeni sio laana ya ukoo.

Wazee wetu wanasema Chebet ameharakisha kukataa. Mimi naona amechelewa. Nyinyi mnasemaje? Mniambie ukweli, lakini mama yangu mumheshimu.