Kurasa Zilizobaki Ndani ya Ukuta

Kwanza niseme wazi kwamba sikuwapenda wale mashujaa. Nikisimulia leo habari za vitabu vya katuni vya ndugu yangu, watu hudhani nami nilikuwa mpenzi wao. Sivyo. Walinichosha. Wakubwa walikuwa watatu: rubani aliyejifunga kitambaa usoni hata akiwa peke yake angani, mwanamke aliyeingia mapangoni kutafuta dhahabu za wafalme wa zamani, na mpelelezi mwenye glovu nyeusi ambaye hakuna aliyejua anakula nini. Wote walikuwa mayatima. Kila hadithi ilianza hivyo: wazazi wamekufa kwa moto, au kwa meli, au kwa risasi. Lakini hakuna hata mmoja aliyeachiwa wadogo. Siku moja nikichambua maharagwe nilimwuliza ndugu yangu, "Huyu rubani, wadogo zake wako na nani?"

"Hana wadogo, dada."

"Basi ndiyo maana ana nafasi ya kuruka."

Mimi niliachiwa wawili. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla ya mwaka kuisha, nami nikatoka darasa la sita nikachukua kikapu cha baba. Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za safu ambazo kampuni huwapa wachumaji wa chai, na sheria ilikuwa moja tu: mwenye kikapu ndiye mwenye nyumba. Siku kikapu kikikosa mgongo wa kukibeba, nyumba inapewa mwingine. Kwa hiyo nilichuma. Majani mawili na chipukizi, asubuhi umande ukikulowesha hadi kiunoni, mchana mvua ya mawe, na nyapara nyuma yako akisema umechuma majani ya mbuzi. Ndugu yangu alipata nafasi sekondari upande wa Roret, akalala huko, akawa anarudi kila Jumamosi. Mdogo wetu wa kike alikuwa na miaka minane.

Wazazi wetu walitoka milima ya magharibi, na ndugu zao walibaki huko. Kwetu watoto wakifiwa, wazee hukaa na kuwagawa. Wetu walikuwa wamekwisha kukaa. Tuliletewa habari na mama mmoja aliyeuza ndizi sokoni: baba mdogo atakuja Jumapili kuona tunavyoishi, na akiona hatuishi vizuri, mimi nitaolewa, ndugu yangu ataacha shule akamsaidie dukani, na mdogo wetu atapelekwa kwa shangazi kulea watoto wachanga. Yule mama alinieleza haya huku akinichagulia ndizi, kana kwamba ananipa habari njema.

Sasa nirudi kwa vile vitabu. Shuleni kwa ndugu yangu kulikuwa na mwalimu kijana kutoka Uingereza. Huko kwao, yeye na rafiki zake wanne walikuwa wakitengeneza kitabu chao cha katuni, kila mmoja akichora shujaa wake, kisha hadithi zote zinapigwa chapa pamoja kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kama ile ya mitihani. Hakukuwa na kampuni nyuma yao, na ilionekana. Wino ulibaki vidoleni na mistari ilipanda kilima. Rafiki zake walimtumia nakala moja moja kwa posta, naye akawapa wanafunzi wasome. Ndugu yangu akafanywa mtunzaji wa vitabu hivyo kwa sababu moja: nyumbani kwetu kulikuwa na sanduku la bati la baba, lenye kufuli.

Wala hakuniuliza. Ufunguo wa sanduku hilo niliuvaa mimi shingoni, maana ndani mlikuwa na kadi zetu za ubatizo na koti la baba. Akinikuta nimelifungua anavitumbukiza, nami siku nyingine nikilifungua nakutana na rubani.

Jumanne ya wiki ile jirani yangu, Mkipsigis mwenyeji wa pale, mke wa dereva wa trekta, aliingia kuomba moto akatazama kuta. Zilikuwa nyeusi kwa moshi.

"Mgeni wako anakuja lini?"

"Jumapili."

"Atakuta jiko," alisema. "Nyumba haina karatasi."

Alisema kweli. Siku hizo nyumba ya watu wa maana ilibandikwa karatasi ndani, magazeti hasa, kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Karatasi ilizuia baridi na ikafunika masizi. Nilikwenda dukani kuomba magazeti ya zamani. Mwenye duka akanicheka. Magazeti yake yalikuwa ya kufungia sukari.

Jumamosi tulitoka shambani mapema. Nilikoroga uji, nikafungua sanduku nitoe kitambaa cha meza, na pale juu likakaa lile bunda, karibu vitabu kumi na viwili, vimesomwa hadi pembe zimejikunja. Nilifikiri nilivyozoea kufikiri: gazeti likishasomwa ni karatasi. Na kilicho ndani ya sanduku la baba ni cha nyumba. Nikachomoa pini moja moja kwa ncha ya kisu, nikaziweka kwenye kibiriti kitupu maana pini haitupwi, nikatenganisha kurasa, nikaanza kubandika. Nilibandika vizuri. Nilipanga rubani na rubani, mwanamke wa pango na mwenzake, hata ukisimama mlangoni unaona mpango. Mdogo wangu alinishikia bakuli akinung'unika kwamba ndege moja inaruka kichwa chini. Nikamwambia ndege huruka inavyotaka.

Saa kumi ndugu yangu aliingia.

"Dada, hiki ni nini?"

"Ni ukuta. Vua viatu, vina tope."

"Hivi ni vya mwalimu!"

"Vilikuwa kwenye sanduku la baba."

"Nani alikwambia uvitoe?"

"Nani alikwambia uviweke? Mimi natafuta mahali pa kuweka unga, wewe unaweka wazungu."

Akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye ukurasa ambao bado ulikuwa na maji. "Huu ni wa tatu. Wa nne uko wapi?"

"Nyuma yake."

"Nyuma yake ni ukuta, dada!"

Naapa kwamba mpaka dakika ile sikuwa nimefikiria. Gazeti ukilibandika hukosi kitu, nyuma kuna bei za ng'ombe. Lakini hadithi hizi zilipigwa pande mbili, na mimi nilikuwa nimezika nusu ya kila moja. Akaniambia pia kwamba mwalimu anarudi kwao mwisho wa muhula na anataka vitabu vyake Jumatatu. Kisha akachukua karai la maji na tambara.

Nilimpokonya lile karai. "Kesho baba mdogo anaingia mlango huu. Ukibandua sasa atakuta ukuta umechunwa kama mbuzi. Atasema hawa hawajiwezi, na atamchukua huyu." Nikamwonyesha mdogo wetu. "Chagua. Rubani au huyu."

"Mbona unaniuliza hivyo?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayeulizwa hivyo kila siku."

Akaweka tambara chini. Hakula. Alikaa kwenye kigoda akiutazama ukuta kama mtu aliyefiwa, nami nikazidi kukasirika, maana nilijua nina makosa na bado nilikuwa na sufuria za kusugua.

Baba mdogo alifika Jumapili baada ya ibada, amevaa koti zito na ameshika mwavuli. Alisalimia, akaomba dua fupi, kisha akaanza kukagua kana kwamba ananunua. Alifunua chungu. Alibonyeza godoro. Alimwambia mdogo wetu afungue mdomo akamtazama meno. Mwishowe akaketi, nikamwekea chai.

"Mama," aliniambia, maana nimepewa jina la mama yake, "nyumba ni safi. Sikatai. Lakini usafi si malezi. Wazee wamesema…"

Hapo mvua ya mawe ikaanguka. Aliyekaa sehemu zile anajua. Mawe yakipiga mabati, hata ukipiga kelele sikioni mwa mtu hakusikii. Baba mdogo alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Nilimwona akisema kitu chenye vidole vitatu, kila kidole mtoto mmoja, na sikusikia hata neno. Akachoka. Akasimama, mikono nyuma, akaanza kutembea polepole kando ya ukuta akitazama picha. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Kwenye ndege inayowaka alisimama muda mrefu.

Mawe yalipokwisha nilikaza moyo nisikie hukumu. Akageuka.

"Huyu alitoka?"

"Nani, baba mdogo?"

"Huyu wa kitambaa. Ndege inaungua. Alitoka?"

Mdogo wetu akaruka kutoka kitandani, akaweka kidole chini ya maandishi, akasoma Kiingereza kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamtafsiria: mlango umekwama, mafuta yanavuja, na adui ameiba mwavuli wa kurukia.

"Halafu?"

"Halafu iko ndani ya ukuta."

"Imeingiaje?"

"Dada aliibandika."

Baba mdogo alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama hata alipofunua chungu. Akamgeukia ndugu yangu. "Wewe mwanafunzi. Alitoka au hakutoka?"

"Muulize dada. Yeye ndiye aliyemfunika."

"Nakuuliza wewe!"

Ndugu yangu alianza kwa uvivu, kichwa chini, kisha sauti ikapanda. Ya rubani aliyajua yote. Alipofika kwa mwanamke wa pango alikwama, maana hizo hakuwa akizipenda, na mdogo wetu akampokea: kulikuwa na mto chini ya pango, na taa ikazimika. "Haikuzimika," akasema ndugu yangu. "Ilizimika! Wewe uliruka ukurasa." "Nyamazeni, mmoja mmoja," akasema baba mdogo, na akavuta kigoda karibu. Walikwenda karibu ukuta mzima hivyo. Chai ikapoa, nikaipasha. Ikapoa tena, nikaipasha tena. Nilikuwa nikichemka kuliko hiyo chai. Maisha yetu yote yalikuwa mezani na mzee anauliza mamba wa pangoni ana urefu gani.

Kisha akauliza, "Lakini huyu wa kitambaa, wadogo zake wako na nani?"

Ndugu yangu akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu jana. "Hana," alisema.

"Aa," akasema baba mdogo. Baadaye akamwuliza mdogo wetu nani amemfundisha kusoma Kiingereza.

"Kaka. Jumamosi."

"Na mafuta ya taa?"

"Ya dada."

Alikula, akafunga koti, akachukua mwavuli. Mlangoni aliniambia, "Nilikuja na maneno ya wazee. Nitawarudishia. Nitawaambia nimekuta watu wako kazini." Akatembea hatua chache, akageuka. "Huyo mpelelezi wa glovu hamkumaliza. Nitakuja Desemba."

Jumatatu sikwenda shambani. Nilikwenda shuleni na aproni yangu ya kuchumia, nikamwambia mwalimu mwenyewe, maana sikutaka ndugu yangu asimame pale kwa kosa langu. Yule kijana alijua Kiswahili cha vitabuni, kilichonyooka kuliko chetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukawa mwekundu, kisha mweupe. Akasema, "Laiti ungaliniuliza." Neno hilo huku kwetu halisemwi na mtu, lakini nililielewa vizuri sana. Nikamwambia sina cha kumlipa. Nikampa kibiriti cha pini. Alikifungua, akazitazama pini zote zimenyooshwa, akakaa nacho mkononi muda mrefu, na mpaka leo sijui kama alitaka kucheka au kulia. Siku chache baadaye alikuja laini, akatazama ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugusa, akanywa chai yetu, akaenda zake. Pini alibaki nazo.

Ndugu yangu hakuniambia neno jema kwa wiki tatu. Nilikubali. Deni lile lilikuwa langu.

Desemba baba mdogo alikuja na mkungu wa ndizi na karanga. Hakutaja habari ya wazee, wala hakuna mtoto aliyegawiwa, si mwaka ule wala baadaye. Alikaa kwenye kigoda kilekile, akaelekea ukutani, akawaita wale wawili. Mimi nilikuwa ndiyo nimeingia kutoka shambani, kikapu bado mgongoni, mikono imechanika kwa mashina ya chai. Miaka mitatu mikono hiyo ilikuwa imeishikilia nyumba ile, na sasa aliyesifiwa ni mtu wa kitambaa asiyejua hata bei ya chumvi.

"Mama, njoo ukae," alisema baba mdogo. "Hapa ndipo panaponoga."

Nilimwambia nina ugali wa kusonga. Lakini niliusongea karibu na mlango nisikie, maana kusema kweli hata mimi sikujua ya glovu iliishaje.