Pilipili Niliyobadilisha, Lawama Akabeba Tata

Wasomaji, mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane na kalamu sijaishika sana tangu hapo. Barua hii imenichukua siku tatu. Nimekosa, na nimechoka kukaa na kosa hili peke yangu.

Tata ni dada ya baba yangu. Ndiye aliyenilea hapa Dagoretti. Alikuwa mpishi wa familia moja ya Kihindi kule Parklands tangu kabla sijazaliwa. Kazi hiyo ilitulisha, ikanivalisha, ikampa hata jina. Mtaani wanamwita Mama Chapati.

Mwaka jana mgongo ulimshika akashindwa kusimama. Aliomba wiki mbili, akanipeleka mimi nishike nafasi yake. Kupika nilijua, alinifunza mwenyewe. "Mikono yako ni mizuri," aliniambia, "ni mdomo tu Mungu alisahau kukufungulia."

Ni kweli. Mimi nina haya sana. Hata kuomba chumvi mezani huwa nafikiria kwanza.

Jikoni mle mlikuwa na sheria moja kubwa. Mama mzee wa nyumba huweka chakula mbele ya Mungu wao kabla mtu hajakigusa. Kwa hivyo mpishi haonji. Kuramba kijiko, hapana! Unapika kwa kipimo na kwa kunusa. Rojo la viazi la kila Jumapili hutiwa vijiko vitatu vya pilipili ya rangi, ile ya kopo lenye kifuniko cha buluu. Hiyo haiwashi. Kazi yake ni kufanya chakula kiwe chekundu.

Siku ya nne nikamwagia kopo lile maji ya chai. Pilipili yote ikawa uji!

Ningesema, yangekuwa maneno ya dakika moja. Sikusema. Duka la karibu niliogopa, maana mwenye duka anamjua mama mzee. Nikanunua kwetu, sokoni Dagoretti, ile iliyofanana kwa wekundu.

Muuzaji alinicheka. "Kijana, hii unapikia watu ama unafukuza fisi? Weka ncha ya kijiko tu!"

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini moyoni nikajiambia, hawa si Wahindi? Si pilipili ndiyo chakula chao? Upumbavu gani ule! Kopo la buluu nilionyeshwa na Tata mara ngapi?

Nikaosha kopo la buluu, nikalijaza hiyo mpya, na Jumapili nikatia vijiko vitatu. Mvuke ulipopanda nilipiga chafya mpaka nikafungua dirisha. Mama mzee akakohoa huko chumba cha maombi.

"Kijana! Leo pilipili napiga kelele!"

"Ndio, mama."

"Hapana onja, eh? Mungu nakula kwanza."

"Ndio, mama."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Macho yalikuwa yakinitoka machozi, na bado nikasema ndio mama!

Baada ya maombi, wa kwanza kupewa sahani ile alikuwa mjukuu, mtoto wa miaka minne. Aliweka mdomoni, akapiga ukemi, akajisugua macho kwa vidole vyenye rojo. Ukemi ule bado nausikia. Walimkimbiza hospitali. Alirudi saa kumi, amelala begani kwa mama yake, midomo na macho yamevimba.

Mama yake akaja na kopo mkononi. "Nani ameweka hii hapa?"

"Nilipata ikiwa hivyo," nikasema.

Maneno matatu tu. Na kopo lile, miaka yote, aliyelijaza ni Tata.

Kesho yake wakamwita. Alikuja ameinama, anashika ukuta. Akafungua kopo, akanusa mara moja. Akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu.

"Ni mimi, mama," akasema. "Macho yananisumbua siku hizi. Nilichanganya."

Mama mzee alilia, akamshika mikono. "Wewe na mimi nazeeka pamoja," alisema. Lakini mama wa mtoto hakutaka kusikia, na simlaumu. Kufika saa sita Tata alikuwa ametia aproni zake kwa mfuko wa plastiki, tumetoka.

Hakunigombeza. Heri angenipiga! Tulipofika nyumbani alisema tu, "Ungeniambia imemwagika. Ningekwambia tafuta paprika, ya dukani, nyekundu isiyowasha. Ama chukua pilipili kubwa kavu zisizo kali, toa mbegu, loweka, saga. Ukikosa kabisa, nyanya ya mkebe na ncha ya kijiko ya ile kali. Sasa umejua." Akalala akiangalia ukuta.

Siku hizi Tata anafulia watu nguo, na mgongo ni ule ule. Jioni namkanda, hanung'uniki.

Nasikia mama mzee bado hajapata mpishi wa kumridhisha. Nikamwambia Tata niende niseme ukweli, labda watamrudisha. Alikataa. "Ukienda watajua kuwa hata mimi niliwadanganya. Wacha wanikumbuke kama mpishi aliyechoka macho, si kama mwongo."

Vijana wenzangu, kitu kikimwagika, semeni kikiwa bado sakafuni! Pilipili mbili zikifanana rangi, msiseme ni moja. Anza na chembe, na kama huruhusiwi kuonja, basi uliza. Tena msijifanye mnajua midomo ya watu kwa kuangalia ngozi zao.

Nami naomba mniandikie kupitia gazeti hili. Niende Parklands niseme, nimwaibishe Tata kwa uongo aliosema kwa ajili yangu? Ama ninyamaze kama anavyotaka, na yeye aendelee kufua?