Siku Nilipojikimbia Mwenyewe Sokoni Hewa Bora

Aibu yangu haina haja ya kufichwa, maana soko zima la Hewa Bora liliiona, na mpaka leo nikienda pale kununua makaa kuna mama mmoja wa nyanya anayenionyesha kwa kidole na kucheka mpaka anashika meza. Acha acheke. Nasimulia mwenyewe, kabla hamjasikia ile ya kwao yenye chumvi.

Sisi ni kundi la wapenzi wa katuni za Kijapani. Tulianza watu sita sebuleni kwa rafiki yangu Kavira, kompyuta moja, umeme ukipenda. Sasa tunajaza ukumbi wa parokia, na kila mwaka tunafanya siku yetu ya mavazi, michoro na mashindano, yote kwa mikono yetu. Mwaka ule vita vya mashariki vilikuwa vinameza miji, jamaa za Kavira walikuwa wanafika kutoka Kivu ya Kaskazini na mabegi tu, na huku kwetu haikupita wiki bila uvumi kwamba watu wa msituni, wale waasi wa kitambaa chekundu kichwani, wanaingia mjini. Watu wakatuuliza, nchi inaungua nanyi mnacheza katuni? Ndiyo, tunacheza. Tulie mpaka lini? Padri alitupa ukumbi kwa sharti moja: pakitokea fujo, funguo zinarudi kwake.

Sheria yetu ilikuwa kila mtu avalie ukumbini. Niliiandika mimi, kwa herufi kubwa. Lakini chumba cha kuvalia ni kimoja, foleni yake inachosha, na mimi ndiye mtangazaji (mtangazaji hapangi foleni, ndivyo nilivyojidanganya), basi nikavalia nyumbani. Nilikuwa shujaa wa milimani niliyemtunga mwenyewe: kanzu nyeusi, vifuko vidogo vinaning'inia kifuani, upanga wa mbao niliopaka ile rangi ya fedha ya mageti, na kichwani, Mungu anisamehe, kitambaa chekundu. Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

"Utafunika ile na kikwembe," mama akaniambia mlangoni, akininyooshea kitenge chake.

"Mama, ni costume. Bantu bote banajua."

Hawakujua. Pikipiki niliyopanda iliishiwa mafuta karibu na soko, nikaona nachelewa, nikakunja kanzu nikachomoka mbio na upanga mkononi katikati ya meza za samaki. Mtu akapiga yowe: "Banaingia! Banaingia!" Meza zikaanguka, kina mama wakanyakua watoto, na mimi, niliyewaogopa watu wa msituni kuliko yeyote pale, sikujiuliza ni nani aliyeingia. Nikakimbia pamoja nao! Kila nilipoongeza mbio nisiachwe nyuma, walio mbele waligeuka, wakaniona, wakaongeza zaidi, nami nikawaza, loo, kumbe adui yuko mgongoni kabisa, nikapaza sauti "Muningoje!" huku nimeinua upanga juu.

Mwishowe nikajitupa chini ya meza ya mama muuza unga. Mwenyewe alikuwemo, amejificha. Tukatazamana, kisha akanimwagia usoni beseni zima la unga wa mahindi.

Polisi walinikuta nimekaa pale, mweupe pepepe.

"Tupa ile mupanga!"

"Iko ya mbao, chef!"

"Weye ni nani?"

"Miye niko présentatrice ya dessins animés," nikajibu, kana kwamba mtangazaji wa katuni ni cheo.

Polisi mmoja akaokota upanga, akaupinda kidogo, ukavunjika. Yule mama wa unga akanifuta shavu kwa kidole, akanichungulia. "Eh! Iko mutoto wa Mama Régine!" Soko likaangua kicheko, na nadhani mama alipata habari kabla sijasimama.

Polisi walinisindikiza hadi parokia, nusu ya soko ikitufuata na kuimba. Padri alikuwa mlangoni. Alifunga ukumbi akatia funguo mfukoni. Vijana zaidi ya mia walibaki uani na mavazi yao, na Kavira, aliyekuwa ameshona miezi mitatu ili asifikirie nyumbani kwao kulikochukuliwa, akakaa kwenye ngazi akalia. Hapo aibu iliniisha, nikashikwa na hasira.

"Mon père, kosa ni yangu. Bengine habakufanya kitu."

"Kesho, misa ya pili," akajibu. "Utaomba radhi mbele ya bakristo bote. Kiisha tutaona."

Jumapili, wakati wa matangazo, nikapanda mbele. Kanisa lilianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikangoja wamalize.

"Kwa mbio na bwoga nilibapatia, munisamehe," nikasema. "Lakini kwa kucheza siombi radhi. Vita inakamata miji, inakamata manyumba ya bantu. Hii siku moja ya kucheka na benzetu, miye siwezi kuiachia vita."

Padri akaingiza mkono mfukoni chini ya vazi la misa, akanipa funguo palepale mbele ya watu. Tulifungua saa nane mchana, foleni ya kuvalia ikafika mpaka barabarani, nami nikajipanga wa mwisho kabisa.

Nimeapa, barabarani sitafunga tena kitambaa chekundu kichwani. Lakini kucheza nitacheza, na atakayeniambia huu si wakati wake, anionyeshe kwanza wakati wenyewe ni upi.