Kibao Kisicho na Jina

Jirani yangu wa Muyeye amefungua ofisi ya kuwatafutia watu kazi za mahotelini hapa hapa Malindi. Kila asubuhi hufuta kibao chake kwa kiganja, akaandika jina jipya kwa chaki. Jumatatu "Riziki", Jumanne "Amana". Jana akachora na ndege, kwa kuwa vibao vya ofisi nyingine za kazi vina ndege. Wakaja kina mama na pasipoti.

"Mwanangu, twaenda Saudia lini?"

"Shikamoo, mama. Mimi sipeleki mtu Arabuni. Natafuta wapishi wa hapa."

"Na hii ndege yaenda kupika wapi?"

Wakacheka, wakaenda zao. Leo nimepita na mtoto kiunoni na bahasha ya cheti mkononi, nikamkuta ameshika chaki, kibao kitupu, uso mweupe kwa vumbi lake.

"Dada, weye waweza kuingia ofisi yenye jina gani?"

"Labda jina lako," nikasema.

"Nikiandika langu, kisha nimpeleke mtu pabaya, watakuja kwa mamangu."

"Ndiyo. Ndipo watu wataingia."

Akaandika herufi ya kwanza, akasita. Nikaingia, nikaweka cheti changu cha darasa la nane mezani.