Masale ya Mpakani

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, Mama alinitoa Majengo, mjini, tulikopanga chumba, akanipeleka likizo kwa baba yake huko Old Moshi. Kijiji chao ni cha zamani. Kando ya mto bado zilikuwepo kuta za mawe za enzi za vita vya machifu, migomba imeota katikati yake, na kimya kile, mtu akikohoa ng'ambo unamsikia. Nilikipenda. Babu nilimpenda zaidi. Aliniita mchumba wake, na ndizi mbivu ya kwanza ilikuwa yangu.

Asubuhi moja alinipeleka chini mtoni, shamba lake linapopakana na la Mama Aloisi, mjane. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga tunapanda kuonyesha shamba linapoishia.

"Ng'oa haya matano, mchumba. Kayapande kule, karibu na mgomba wa Mama Aloisi."

"Na wewe, Babu?"

"Mgongo. Mgongo unaniuma."

Nikang'oa. Yeye alisimama mbali, mikono nyuma. Niliona fahari kumsaidia.

Nilikuwa nimeshika la nne Mama Aloisi alipotokea na ndoo. Nilimwamkia, akaitikia huku akitazama mikono yangu.

"Nani kakutuma?"

"Babu. Mgongo unamuuma."

"Mgongo! Jana si alikuwa juu ya mparachichi anakata matawi?" Akatua ndoo. "Mtoto wewe, anayeng'oa masale ya mpaka mkono wake unakauka. Hapa kila mtu anajua. Babu yako ndiye aliyetufundisha."

Akamwita. Babu alitoka migombani bila kunitazama.

"Mtoto wa mjini huyo, anachezea kila kitu. Nitamchapa."

"Babu, si umenituma wewe?"

"Unaona? Na uongo anaujua."

Mama Aloisi alinishika, akaniosha mikono mtoni, akisema maneno ya Kichagga ambayo sikuyaelewa. Yeye ndiye aliyekuwa anaibiwa shamba, na yeye ndiye aliyeniosha. Wiki nzima nilikunja na kukunjua vidole kila nilipoamka.

Havikukauka. Mwaka juzi, nikiwa kidato cha pili, bei ya kahawa, ambayo ndugu walitegemea kunilipia shule, ilianguka, ada ikakosekana, nikaacha shule. Siku Mama alipokwenda kuwaeleza ndugu, nilikuwa nimekaa kando yao. Babu alitikisa kichwa, akawaambia, "Ni ule mkono wake. Aling'oa masale akiwa mdogo."

Nilimtazama nikidhani atamalizia. Akaomba chai.

Najua kilichonitoa shuleni ni kahawa. Kama masale yanamkausha mtu, hilo sijui, wala silihangaikii tena. Linalonikaa moyoni ni kwamba Babu aliamini. Aliamini kabisa, na kwa imani hiyo akatazama vidole vyake, akatazama vyangu, akachagua vyangu.