Nilivyosukuma kompyuta ya mwanafizikia wa ubongo kutoka Ndosho hadi Himbi

Wakuu, habari za huko mliko. Haya nimeyaona mwenyewe, na pale nisipoelewa nitasema sikuelewa. Shule niliiacha mapema.

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wa Ndosho bila mpango. Chumba nilichokuwa nalala, mwenye nyumba alikihitaji, nikabeba begi nikaanza kutembea.

Mbele kidogo nikakuta chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, imekwama kwenye mawe ya lava. Juu yake kompyuta kubwa imefungwa kwa blanketi. Pembeni wamesimama mwenye chukudu na muzee mwembamba, mwenye kompyuta.

"Uko unaenda wapi?" muzee akaniuliza.

"Niko natembea tu, muzee."

"Basi tembea ukisukuma."

Mwenye chukudu akacheka. "Prof, huu ubongo wako uko muzito kuliko viazi vya Masisi."

Njiani Prof akanieleza. Alisomea fizikia, halafu akahamia kwenye seli za neva. Hapasui kichwa cha mtu. Anaziandika seli kwa hesabu, anaziingiza kwenye kompyuta, anaangalia zinavyosukumana.

Nikamuuliza mwanafizikia anatafuta nini kichwani mwa mutu. Akasema vitu vingi vinavyosukumana ni fizikia, viwe mchanga au ubongo.

(Jibu hilo bado ninalo.)

Kila seli kwenye programu yake hupewa kelele yake ya kubahatisha, yaani misukumo midogo isiyo na mpangilio, kwa sababu ubongo wa kweli hautulii. Kawaida kila moja inapiga, yaani inatoa mshtuko wake, kivyake. Lakini za Prof zilikuwa zinafika mahali zinapiga zote pamoja, kama kwenye kifafa, bila kulazimishwa. Huo ndio ulikuwa ugunduzi wake. Dada yake ana kifafa tangu utoto.

Jarida moja la sayansi la nje lilikubali kuuchapisha, ila arudie hesabu bila kukatizwa. Ndosho courant, yaani umeme, inakatika ovyo. Alishazoea: programu inahifadhi kazi kila baada ya muda, courant ikirudi inaendelea ilipoishia. Sasa alikodi chumba mtaa wa Himbi, kwenye nyumba yenye sola na betri. Akipata grafu ileile ya seli zikipiga pamoja, maabara ya nje inamchukua. Akiikosa, hana kitu.

Tulifika, mwenye chukudu akaenda zake, Prof akawasha mashine.

Hadi jioni courant haikukatika. Seli nazo hazikupiga pamoja hata mara moja. Kwenye kioo cha kompyuta, ambapo kila doa ni seli imepiga, yalikuwa madoa tu, yametawanyika kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi.

Prof akafungua code yake, akaisoma taratibu. Kisha akachomoa waya ukutani, akaurudisha.

Mashine ikawaka, programu ikaendelea ilipoishia. Baada ya muda madoa yakajipanga mstari mmoja.

"Umeona?"

"Nimeona. Sijaelewa."

"Courant ikirudi, programu inasahau kwamba kila seli ilikuwa na kelele yake. Inazipa zote kelele moja. Zikisikia kitu kimoja, zinafanya kitu kimoja." Akafunika chai yake. "Miaka yote hii nilikuwa nasoma courant ya Ndosho."

Nikamwambia alichonifundisha mtaa: "Prof, chomoa waya mara mojamoja, piga picha ya grafu, tuma. Nani atajua?"

Hakukasirika.

"Dada yangu bado anaanguka kifafa," akasema.

Akawaandikia jarida kwamba anaiondoa kazi yake, na sababu. Mistari michache tu. Baada ya kutuma akaniuliza, "Weye, uko na pa kulala?"

"Sina, muzee."

"Chumba cha sentinelle kiko wazi, hatuna mulinzi. Weka begi pale."

Nikaweka.

Nilichojifunza: ukiona wengi wanasema jambo moja kwa sauti moja, usikimbilie kusema ni kweli. Uliza kwanza kama wote hawakulisikia sehemu moja. Hata humu jukwaani.

Wenye kujua neva au programu, nisahihisheni hapa chini. Nitawasoma, hapa courant ipo.