Ulimi wa Baba na Tumbaku ya Hadado

Tumbaku ya Akko Kabale ilinuka ngozi mbichi, moshi, na kitu kingine kichungu kilichokukaa kooni hadi jioni. Akifungua gunia lake, soko zima la Hadado, kule kaskazini, lilijua. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na huyu alikuwa mjane aliyeuza tumbaku kando ya mnada wa mbuzi. Alichanganya majani meusi ya Moyale na ya kahawia ya Meru, akayafikicha, akayanyunyizia maji ya magadi, na wallahi mchanganyiko ule ulimtoa machozi mwanamume mzima. Baba yangu, mwalimu kutoka Kitui, aliupenda kupita kiasi. Mama alibaki nyumbani kulima. Mimi, binti wa miaka tisa, ndiye niliyeishi naye Hadado.

Kila Alhamisi baba alikwenda kuonja. Alinusa kwanza, akaweka chembe kwenye ncha ya ulimi, akatema, ndipo aliposhindilia kiko na kuvuta taratibu, macho ameyafumba. Watu walisogea kungoja hukumu. Desturi ya pale, mnunuzi hasifu hata roho ikimtoka kwa utamu. Kazi yake ni kuponda. "Haya ni majani ya kulisha punda," baba angesema. Muuzaji naye sharti autukane ulimi wa mnunuzi: "Ulimi yako ya kunywa uji tu, mwalimu!" Watu wangecheka mpaka washike mbavu, kisha baba angenunua. Mimi kichwa kilinivimba kwa majivuno.

Mwaka mmoja wa ukame baba alianza kuponda kwa dhati. Eti tumbaku imepoa. Akko akazidisha majani meusi, wiki iliyofuata akazidisha tena. Wachungaji wawili walioionja waliinama wakikohoa, ilhali baba aliivuta kama anayevuta hewa tupu. Wakamshangilia: mwalimu ni chuma! Lakini mimi nilijua mengine. Nilimwona akitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kugundua. Nilimwona akisukuma ugali kwa maji. Nikisafisha kiko chake, niliona damu pale anapokiuma. Alinifuma nikitazama. "Usimwambie mama yako," akasema, "atanirudisha Kitui." Nami sikutaka turudi, nikaipangusa damu kwa upindo wa gauni.

Alhamisi moja Akko alimkazia macho bila kucheka. "Mwalimu, tumbako yangu iko sawa. Ulimi yako ndio gonjwa. Enda hosbitali." Soko likaangua kicheko, baba akiwa wa kwanza, maana alidhani ni matusi yaleyale ya biashara. Akko akamshika mkono. "Mimi hapana fanya mchezo." Wakacheka zaidi. Kweli mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nami nilicheka. Ee Mungu wangu, nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili mtu asinitazame usoni akaniuliza kitu.

Alikubali kwenda aliposhindwa hata kumeza maji. Tulipofika hospitali ya Garissa, donge lilikuwa limeshaziba koo na daktari hakuwa na la kufanya. Baba alikufa kabla ya mvua, bila sauti, akiniandikia maneno kwenye daftari la hesabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema mazishini, na hakuna aliyejua kwamba walikuwa wananisema mimi.

Sasa nafundisha Garissa, nimepanga nyumba mtaa wa Galbet. Enzi zile barua ya Kitui ilichukua majuma; siku hizi binti yangu akinisikia nikikohoa mara mbili tu, tayari ameshampigia nyanya yake, mama yangu, na nyumba nzima ya Kitui inanisuta kwa simu. Humkaripia, kisha hujifungia chumbani nikalia. Juzi mama aliniuliza, kama anavyouliza kila mwaka, iwapo baba alionyesha dalili yoyote. Miaka yote nimejibu hapana. Safari hii nikamwambia yote, ya chai, ya damu, ya kicheko.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema, "ningekuja hata kwa miguu."

Nami najua angekuja.